Nyika ya Kondoo: Matembezi Mepesi Kuzunguka Schneverdingen

Kondoo wa Schneverdingen wakifungiwa zizini kwa misimu michache tu, nyika inayowavuta watu wengi huko kila Agosti itaanza kutoweka. Zitatangulia nyasi ngumu. Kisha itachomoza mibetula, ile miti ya gome jeupe ambayo mbegu zake hupeperushwa mbali na upepo, na nyuma yake misonobari. Mtoto aliyezaliwa mwaka mchunga kondoo wa mwisho alipotundika fimbo yake, atakapomaliza shule atakuta msitu.

Nimetanguliza jambo hilo kwa sababu wengi wanaofika Lüneburger Heide, nyika iliyoko kaskazini mwa Ujerumani kati ya Hamburg, Bremen na Hannover, hudhani wamefika mahali ambapo mkono wa mtu haujawahi kugusa. Ni kosa linaloeleweka. Mbele ya macho yako kuna uwazi mtupu: vichaka vya erika visivyofika goti, vimesambaa hadi upeo wa macho, vijia vya mchanga mweupe vikikatiza katikati yake, na mitarakwa mifupi myeusi imesimama mmoja mmoja. Hakuna uzio, hakuna waya wa umeme, na shamba huoni. Lakini kila hatua ya uwazi huo imelipiwa kwa jasho, na anayetembea bila kulijua hilo atakuwa ameona rangi tu.

Mmea wenyewe una jamaa zake kwetu. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu amepita katikati yao: ukishapita kambi ya Mandara, msitu mkubwa unaachia nafasi erika za mlimani, nyingine ndefu kuliko nyumba, zimefunikwa ndevu za kuvumwani. Ile ya Ujerumani, ambayo wataalamu huiita kaluna, ni ya ukoo huohuo ila haiinuki. Ina majani madogo mno, magumu, na maua ya zambarau yanayochanua kuanzia mapema Agosti hadi katikati ya Septemba. Wenyeji wana kanuni rahisi ya kukumbuka: tarehe nane ya mwezi wa nane hadi tarehe tisa ya mwezi wa tisa. Mvua ikipungua au baridi ikichelewa, kanuni huteleza kwa siku kadhaa, lakini si kwa nyingi.

Sasa uwazi huu ulitoka wapi? Barafu kuu zilizoshuka kutoka Skandinavia zamani sana ziliacha hapa mchanga, kokoto na mawe makubwa ya matale, ambayo hadi leo unayakuta kando ya njia na katika kuta za makanisa ya vijijini. Barafu ilipoyeyuka, msitu uliota. Wakaja wakulima, wakaukata na kuuchoma ili wapate mashamba na malisho, na wakafanya hivyo kwa maelfu ya miaka. Mchanga uliobaki wazi ukaoshwa na mvua hadi rutuba yake yote ikazama chini. Mahali ambapo udongo umechujwa kiasi hicho mimea mingi hufa njaa. Erika hainoni, lakini haifi.

Mkulima wa nyika alijifunza kuishi kwa umaskini huo. Alifuga kondoo wadogo wenye pembe, Heidschnucken, ambao hula erika yenyewe pamoja na machipukizi ya miti. Kisha alichukua jembe lenye bapa pana, akabandua erika na mizizi yake na tabaka jembamba la udongo wa juu, akaviingiza zizini viwe matandiko. Kondoo walivilalia na kuvinyea majira yote ya baridi. Ilipofika masika, mchanganyiko ule ulisombwa hadi shambani, ukawa mbolea ya rai, nafaka ya mkate mweusi wa huko. Shamba moja dogo lilihitaji eneo la nyika kubwa kuliko lenyewe mara nyingi, na mgongo wa mtu wa kulibandua. Hapo ndipo penye siri ya mandhari yote. Erika isipokatwa, isipoliwa wala kuchomwa, huzeeka; baada ya miaka thelathini au arobaini shina lake hupasuka katikati, likaanguka pande zote, na kitu kingine kikaota kwenye pengo. Kazi ile ya kuchosha ya maskini ndiyo iliyoifanya iwe changa kila mara, karne baada ya karne, bila yeyote kukusudia kutengeneza urembo.

Katika karne ya 19 uchumi huo ulivunjika. Mbolea ya viwandani iliondoa haja ya matandiko ya zizi. Sufu kutoka Australia iliishinda bei sufu ngumu ya Heidschnucken, na sukari ikaipunguzia soko asali ya nyika. Serikali na wenye ardhi wakapanda misonobari kwa safu, ekari juu ya ekari. Aliyesimama kupinga alikuwa kasisi wa Kilutheri wa kijiji cha Egestorf, Wilhelm Bode. Mwaka 1906, bonde zuri kuliko yote, Totengrund, lilipokuwa hatarini kuuzwa na kujengwa nyumba, Bode alimwendea profesa Andreas Thomsen wa Münster, naye akatoa fedha za kulinunua. Mwaka 1909 ikaundwa jumuiya ya kuanzisha mbuga za hifadhi, Verein Naturschutzpark, na mwaka uliofuata ikanunua kilima cha Wilseder Berg. Mwaka 1921 eneo likatangazwa hifadhi kisheria. Leo lina zaidi ya kilometa za mraba 230, nyingi zikiwa msitu, na nyika iliyobaki ndani yake ni kipande kikubwa kuliko vyote vilivyoungana katika Ulaya ya Kati.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nipeleke huko kila mgeni anayetoka nyumbani. Waliposhika hatamu, wahifadhi waligundua kwamba kununua ardhi na kuilinda hakutoshi. Hifadhi bila kondoo ingekufa. Kwa hiyo makundi yakarudishwa, wachunga kondoo wakaajiriwa, na zile kazi za kale za kubandua, kukata na kuchoma zikaendelea, nyingine kwa mashine. Nikitembea pale sikosi kufikiri juu ya Serengeti, ambako mwaka 1959 Wamaasai walitakiwa kuhama hadi Ngorongoro, na juu ya Mkomazi, ambako wafugaji waliondolewa mwaka 1988. Mbuga zetu si nyika ya Ujerumani. Wanyama wake ni wengine na mvua yake ni nyingine. Hata hivyo swali ni lilelile: nani alichoma nyasi, nani alilisha, nani aliacha, hadi uwazi huu ukawa hivi ulivyo? Katika Lüneburger Heide swali hilo liliulizwa na jibu likaandikwa katika mishahara ya wachungaji. Naamini lilipaswa kuulizwa kwetu kwa uzito huohuo, mapema zaidi.

Tuingie njiani. Schneverdingen ni mji wa watu wapatao elfu 19, na uzuri wake kwa mtembeaji ni kwamba huhitaji gari. Kutoka Hamburg unapanda treni hadi Buchholz in der Nordheide, unabadilisha na kupanda Heidebahn, treni ya nyikani, kuelekea Soltau. Kituo kiko mjini kwenyewe. Ndugu zetu wengi wanaoishi Hamburg au Hannover hupita miaka bila kufika, wakiamini matembezi haya ni ya wazee wa Kijerumani wenye fimbo mbili. Wazee wapo, na ndio watakaokusalimu kwanza: Moin, salamu ya kaskazini inayofaa asubuhi, mchana na jioni. Ijibu vivyo hivyo, inatosha.

Kwa siku ya kwanza naanzia Höpen, pembeni mwa mji, chini ya saa moja kwa miguu kutoka kituoni. Ni kilima kidogo cha nyika kinachozungukwa na miti, na vijia vyake unaweza kuvimaliza taratibu kabla ya chakula cha mchana. Kuna bustani ya erika yenye aina nyingi sana zilizopandwa kwa mafungu ya rangi, kiasi kwamba hata mwezi ambao nyika nzima ni kahawia, bustanini kuna kitu kimechanua. Sikulaumu kwa kuanzia hapo, lakini usikae sana. Toka, panda mchangani, utafute kundi.

Heidschnucke ni kondoo wa kijivu, sufu yake ndefu na ngumu inaning'inia, uso na miguu ni myeusi, na dume na jike wote wana pembe. Wanakondoo huzaliwa weusi kabisa. Kundi likila husogea pamoja, bila kusimama, na sauti yake ni ya meno mengi yakikata vijiti vikavu. Tazama kichaka walichopita: ncha zote zimekatwa sawa, na kati yake mche wa betula umevuliwa majani. Hiyo ndiyo kazi. Wachungaji hueleza pia kwamba kondoo wakipita asubuhi huvunja utando wa buibui uliotandwa kati ya vichaka, na nyuki wakapata njia salama ya kufikia maua. Nyuki ni sehemu ya mandhari kama kondoo. Mfuga nyuki wa Tabora hutundika mzinga wa gogo mtini. Wa nyika hii alisuka kikapu cha majani ya rai, akakipaka samadi ya ng'ombe, akakipanga na vingine chini ya kibanda kirefu kando ya erika. Vibanda hivyo bado vipo, ingawa nyuki wengi sasa hukaa kwenye masanduku yanayoletwa na magari msimu wa maua. Asali yake ni nzito, ya rangi ya kaharabu, na huganda ndani ya sega hata mashine ya kuzungusha isiweze kuitoa mpaka ikorogwe kwanza, au sega likamuliwe. Ina uchungu kidogo mwishoni. Nunua chupa barazani kwa mfugaji ukiona kibao.

Mwisho wa wiki wa mwisho wa Agosti mji husherehekea maua na kumvika taji malkia wa nyika, na sherehe huishia Höpen, kwenye jukwaa la wazi. Kama unataka watu, muziki na mabanda ya chakula, nenda siku hiyo. Kama unataka nyika, nenda Jumanne asubuhi.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ningekuwa na nusu siku tu ningekwenda huko moja kwa moja. Kusini-mashariki mwa mji kuna kinamasi cha Pietzmoor, kikubwa kuliko vyote katika nyika hii. Kukizunguka ni mwendo wa kama kilometa tano, na sehemu kubwa ya njia ni ubao: mbao zimepigiliwa juu ya maji, upana wa kupishana watu wawili kwa adabu. Hakuna mlima hata mmoja. Mtoto wa miaka sita ataimaliza, na bibi mwenye magoti mazuri pia, ila mbao zikilowa huteleza sana, kwa hiyo viatu viwe na soli ya kushika.

Pietzmoor huishi kwa maji ya mvua. Chini yake hakuna mto wala chemchemi inayokilisha. Kuvumwani wa kinamasi hunyonya maji, hukua juu, hufa chini, na kwa kuwa majini hakuna hewa, hauozi. Hulala tabaka juu ya tabaka hadi ukawa udongo mweusi laini wenye unene, mahali pengine, wa zaidi ya meta saba. Kazi hiyo imechukua kama miaka elfu nane. Wanakijiji walikata udongo huo kwa matofali, wakayaanika na kuyachoma majikoni badala ya kuni. Baadaye ukaja ukataji wa biashara, na mifereji ikachimbwa kukausha kinamasi. Katika miaka ya 1960 ukataji ulikuwa umekwisha, na muda si mrefu baadaye jumuiya ileile ya hifadhi ikaanza kuziba mifereji ili maji yarudi.

Yalirudi. Utaona mibetula mikavu, myeupe na ya kijivu, imesimama majini bila jani. Mgeni huhuzunika akidhani kuna maradhi. Ile ni mibetula iliyoota wakati kinamasi kimekaushwa; maji yalipopanda, ikafa, na hiyo ni dalili njema. Kinamasi kilicholowa huhifadhi kaboni ambayo kikikauka huitoa hewani, jambo ambalo wasomaji wa Kongo wanalijua kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko Wajerumani: vinamasi vya bonde la Kongo, ambavyo ramani yake kamili ya kwanza ilitolewa mwaka 2017, vimehifadhi takriban tani bilioni 30. Pietzmoor ni kidogo sana mbele ya hivyo. Lakini hapa unaweza kupiga magoti kwenye ubao na kuona kazi yenyewe inavyofanyika, kuvumwani wa kijani kibichi ukitambaa juu ya maji meusi, na kati yake kimmea chekundu chenye matone ya gundi kwenye vinywele vyake. Kimmea hicho hula wadudu, kwa sababu maji ya mvua hayana chakula cha kukitosha.

Kila mwezi una sababu yake ya kwenda. Masika yanapoanza, kati ya Machi na Aprili, madume ya aina moja ya chura wa kinamasi hugeuka rangi ya samawati kwa siku chache tu za kutafuta wenzi, na ukibahatika kufika asubuhi yenye joto utaona madimbwi yamejaa vichwa vya buluu. Mwezi Mei nyasi za pamba hutoa vishada vyeupe, ukadhani kuna mtu amepasua mito ya kitanda juu ya kinamasi chote. Majira ya jua, asubuhi, nyoka wa jamii ya kifutu hupenda kuota jua juu ya mbao. Ni mfupi, ana mistari ya zigizaga mgongoni, na ana sumu, lakini hukimbia akisikia kishindo. Mpe nafasi aondoke. Katika vuli ukungu hushuka, korongo wakapita juu wakiita, na hapo Pietzmoor huwa mahali pa kunyamaza.

Ukitoka kwenye mbao usirudi mjini mara moja. Kando ya kinamasi inaanza Osterheide, nyika pana ya mawimbi madogo madogo, na njia zake za mchanga ni pana na rahisi kufuata. Agosti inapendeza kuliko maneno. Ni vigumu kuamini kwamba kwa miongo kadhaa hapa palikuwa jangwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia majeshi ya Uingereza yalifanya mazoezi ya vifaru katika nyika hii, na baadaye wakaja Wakanada pia. Mkataba wa mwaka 1959 ukaihalalisha hali hiyo na kuchora kwenye ramani maeneo mekundu ambamo vifaru viliruhusiwa kuzunguka karibu mwaka mzima. Minyororo ya chuma ilisaga erika hadi ukabaki mchanga unaopeperuka. Wanakijiji waliishi na vumbi na kishindo, wakalalamika, wakaandamana. Majeshi yaliondoka mwaka 1994.

Kisha ikafanyika kazi ambayo haionekani tena, na ndiyo maana naiandika. Mashimo yalisawazishwa. Erika yenye mbegu ilikatwa katika nyika zilizosalimika, ikaletwa na kutandazwa juu ya mchanga mtupu ili mbegu zianguke. Kondoo wakafuata. Leo mtu aliyezaliwa baada ya 1994 anatembea Osterheide akisema ni ya asili, na kwa namna fulani yuko sahihi, maana nyika hii haijawahi kuwa na asili nyingine zaidi ya kufanyiwa kazi.

Kaskazini mwa mji kuna Camp Reinsehlen, palipokuwa uwanja wa ndege za kivita, kisha kambi ya wakimbizi waliopoteza makwao vitani, kisha kambi ya jeshi. Sasa ni uwanda wa nyasi fupi, tambarare kabisa, na kipozamataza huimba juu angani masika yote. Ni matembezi ya jioni moja, mafupi, yanayowafaa wanaotaka kuona mbali bila kupanda popote. Maua ya erika hapa ni machache, kwa hiyo usipeleke wageni wa Agosti.

Siku nzima uitunzie Wilsede. Kijiji hiki kiko katikati ya hifadhi na magari ya wageni hayaingii. Unafika kwa miguu, kwa baiskeli au kwa gari la farasi. Njia iliyo nyepesi zaidi kutoka upande wa Schneverdingen huanzia Niederhaverbeck, na ni kama kilometa nne hadi kijijini. Katika miezi ya maua kuna basi la bure linalozunguka vijiji vya hifadhi na kubeba hata baiskeli. Angalia ratiba mapema, kwani la mwisho halisubiri wanaonywa kahawa. Njia ni ya mchanga, na mchanga mkavu huchosha kuliko kilometa zinavyoonyesha. Tembea ukingoni, pale nyayo za wengine zimeushindilia, na umwachie farasi katikati.

Wilsede yenyewe ni nyumba chache chini ya mialoni mikubwa. Mojawapo, Dat Ole Huus, imekuwa makumbusho tangu 1907, na ndiyo ninayokuomba usiiruke. Ni nyumba ndefu ya mbao na matofali, paa la matete linashuka karibu na ardhi, na ndani watu na mifugo waliishi chini ya paa moja: ng'ombe kushoto na kulia, moto wa wazi mwisho wa ukumbi, moshi ukijitafutia njia juu kupitia nafaka na nyama zilizoning'inizwa. Msomaji aliyekulia katika nyumba ya Wachagga ya zamani, au ya Wagogo, atakielewa chumba hicho haraka kuliko mtalii wa Berlin. Angalia majembe ya kubandulia nyika ukutani. Jaribu kukisia uzito wake.

Kutoka kijijini njia ina mikono miwili. Mmoja unapanda taratibu hadi Wilseder Berg, meta 169 tu, ila hakuna sehemu ya juu zaidi katika tambarare yote hii, na siku isiyo na mawingu minara ya Hamburg huonekana. Mwingine unashuka kidogo hadi ukingo wa Totengrund, bonde alilolipigania Bode.  Njia inazunguka ukingoni, na hivyo ndivyo inavyofaa, kwa sababu uzuri wake ni kulitazama lote: mitarakwa imejipanga chini kama watu waliosimama wakisikiliza, na kuta za bonde ni zambarau tupu msimu wa maua. Mapema asubuhi bonde hujaa ukungu na mitarakwa ikatokeza vichwa tu. Ukiunganisha mikono yote miwili na kurudi Niederhaverbeck utakuwa umetembea kama kilometa 10 hadi 12, na siku itatosha bila kukimbizana. Anayetaka zaidi ya hapo aijue Heidschnuckenweg, njia ya kilometa 223 kutoka ukingo wa Hamburg hadi mji wa Celle, iliyofunguliwa mwaka 2012, inayopita papa hapa. Unaweza kuila kipande kwa kipande.

Mambo machache ya lazima. Nyikani hakuna kivuli, basi beba maji na kofia hata kama Hamburg ilikuwa na mawingu. Usitoke kwenye njia: ni sheria ya hifadhi, na ndege hutaga chini vichakani. Mbwa afungwe kamba. La muhimu kuliko yote ni kupe. Wapo wengi kuanzia masika hadi vuli, na wengine hubeba ugonjwa wa Lyme, unaotibika ukiwahiwa na kutesa viungo na mishipa ukiachwa. Vaa suruali ndefu, na jioni jikague nyuma ya magoti, kwapani na kiunoni. Watoto wakague kichwani. Ukimwona ameng'ata, mng'oe kwa kibano karibu na ngozi. Kukitokea duara jekundu linalopanuka siku au wiki kadhaa baadaye, nenda kwa daktari umwambie ulikuwa wapi.

Nyika hii inaendelea kupiganiwa. Hewa ya leo imebeba naitrojeni kutoka mashambani na kwenye moshi wa magari, nayo hurutubisha mchanga ambao uhai wa erika hutegemea ufukara wake. Nyasi zikanenepa na kuisonga. Ukame wa mwaka 2018 uliacha vipande vikubwa vikiwa kahawia wakati vilipaswa kuchanua. Mbwa mwitu, waliokuwa wamekwisha kabisa, wamerudi, na mchunga kondoo sasa anahitaji nyua za umeme na mbwa wa kulinda. Nimewasikia wenyeji wakibishana kwa uchungu juu ya mbwa mwitu hao, na pande zote mbili zinaipenda nyika hiihii. Februari ukifika wakati hakuna mgeni, utakuta vipande vinachomwa kwa uangalifu, moto mdogo ukiongozwa dhidi ya upepo. Rudi baada ya miaka miwili au mitatu na kipande hicho ndicho kitakachokuwa na erika changa kuliko zote.

Mgeni naye anaweza kuchangia kitu cha maana, nacho ni kuagiza nyama ya Heidschnucke kwenye migahawa ya Schneverdingen na vijijini. Sufu yake haina bei siku hizi, na kundi lisilouza nyama hutegemea ruzuku peke yake. Nyama hiyo ni nyeusi, haina mafuta mengi, na inakaribia zaidi ladha ya swala kuliko ya mbuzi wa kwetu. Huokwa polepole na kuletwa na viazi na kabichi nyekundu. Uliza inatoka kundi gani. Mpishi mzuri atakuambia bila kusita, na mara nyingi litakuwa lile uliloliona asubuhi likikata vichaka.